Waya Haufi, Hufa Kiungo

Hotuba kwa vijana na mafundi wa redio, Mwanza

Mkuu wa chuo, walimu, mafundi wenzangu mliofunga vibanda asubuhi hii ili mje, nanyi vijana mliobanana kule nyuma: mwangaluka.

Niliulizwa kama nitahitaji projekta. Nikasema hapana, nitakuja na gunia. Ndilo hilo hapo mezani, na harufu mnayoisikia ni ya kamba niliyoinunua Mwaloni kwa mtu aliyekwisha kuitumia ziwani. Harufu ya dagaa haitoki kwenye kamba hata uifue kwa sabuni gani, lakini kamba yenyewe ni nzima na leo ina kazi.

Mada niliyopewa ni vipande vya antena ya redio ya ridhaa ambavyo fundi anaweza kujitengenezea. Kwa wasioifahamu, redio ya ridhaa ni mtu binafsi kurusha na kupokea mawimbi kwa kupenda kwake, ajifunze, aongee na wenzake duniani, bila kulipwa na bila kutangaza biashara. Hapa kwetu leseni inatolewa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na alama za utambulisho za Tanzania zinaanza na 5H. Kutumia masafa bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, kwa hiyo asitokee mtu akakamatwa akasema alitumwa na mimi. Ila kuvuta waya wa kusikilizia ukauchomeka kwenye redio ya mawimbi mafupi aliyoiacha babu, huko ndiko tulikoanzia wengi wetu.

Sasa niseme nililokuja kulisema. Antena ni waya na viungo. Waya ndio unaosifiwa na kuchorwa vitabuni, lakini waya haufi. Antena nyingi nilizoteremsha kwenye mapaa ya mji huu, waya wake ulikuwa mzima kabisa. Kilichokufa ni kiungo: pale katikati kebo inapoingia, pale nchani kamba inapofungwa, au ndani ya plagi ambako hakuna anayechungulia. Na viungo hufa kwa sababu za mahali vilipo. Vya Mwanza vinauawa na vitu vya Mwanza, yaani jua kali la mahali palipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua ya upepo inayokuja kiubavu kutoka ziwani, na radi. Aliyeketi kiwandani mbali huko akatengeneza kile kiungo cha plastiki hakuwa anaiwaza Igogo. Ndiyo maana nasema waya nunua popote, kiungo jitengenezee.

Na mtu asidhani kujitengenezea ni shida za watu wasio na hela. Heinrich Hertz, Mjerumani aliyethibitisha kuwapo kwa mawimbi haya kati ya 1886 na 1888, hakuwa na duka la kwenda. Antena yake ilikuwa waya uliokatwa katikati ukaachwa na upenyo mdogo wa cheche, na kwenye ncha akaweka matufe ya zinki. Marconi alipotangaza kwamba tarehe 12 Desemba 1901 alipokea Newfoundland ishara iliyotoka Uingereza, ng'ambo ya Atlantiki, antena yake ilikuwa waya ulioshikiliwa angani na tiara. Tiara hii hii wanayorusha watoto, ila kubwa.

Ninayempenda zaidi ni Clarence Moore wa Quito, Ekwado. Mji ule uko kama mita 2,850 juu ya usawa wa bahari, hewa yake nyepesi. Kituo cha redio cha HCJB kilikuwa kinarusha kwa nguvu kubwa kwa antena ya Yagi, yaani fimbo kadhaa zilizopangwa sambamba, na ncha za fimbo za antena zikawa zinatoa cheche, chuma kinaliwa. Sababu ni kwamba volteji ya antena ya namna ile hujikusanya nchani, na hewa nyepesi haiizuii vizuri kama hewa ya mabondeni. Moore akaona kama shida iko kwenye ncha, basi tuwe na antena isiyo na ncha. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 akaupinda waya ukawa pembe nne iliyofungwa, na hiyo ndiyo kwodi, ambayo leo watu wa ridhaa wanaijenga kila bara. Ilizaliwa kwa sababu ya mlima mmoja.

Basi na sisi tujiulize mahali hapa panatudai nini.

Kwanza miamba. Hili jiwe la matale tunalopigia picha na kujivunia halipitishi umeme wa maana. Antena ya kusimama wima inahitaji ardhi nzuri chini yake, au nyaya nyingi zilizotandazwa chini ziwe badala ya ardhi. Ukiisimamisha juu ya jabali bila nyaya hizo, nguvu nyingi unayoituma inaishia kulipasha jiwe joto. Pili, ziwa. Wenzetu wa Dar es Salaam na Unguja wanasifu sana antena ya wima ufukweni, na wanasema kweli, kwa sababu maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri mno. Vijana wetu wanasoma habari hizo halafu wanakimbilia Capri Point na mlingoti. Ziwa Victoria ni maji baridi. Uwezo wake wa kupitisha umeme uko chini ya ule wa bahari kwa mamia ya mara. Faida ya bahari hamtaipata hapa, msidanganywe na wingi wa maji.

Faida ya ziwa ni nyingine, nayo ni uwazi. Kwenye mawimbi mafupi sana, yale ya megahezi 144 hadi 146, redio huona karibu kama jicho linavyoona, ikizidisha kidogo. Antena ikiwa mita 100 juu ya maji, na kilima cha namna hiyo Mwanza si cha kutafuta, upeo wake ni kama kilomita 41. Mwenzako aliye upande wa pili akiwa mita 25 juu ya maji, ongeza kilomita 20 hivi. Katikati hakuna ghorofa wala mti, ni mitumbwi tu. Watu wa bara wanailipia milingoti hiyo, sisi tumeshajengewa.

Kwa masafa ya chini zaidi, antena ya kuanzia hapa kwetu ni dipole ya kulala, yaani waya uliokatwa katikati ukavutwa huku na huku. Haihitaji ardhi, kwa hiyo jabali halina la kuifanya. Urefu wake chukua 143 ugawanye kwa masafa kwa megahezi. Ukitaka 7.1, jibu ni kama mita 20.1, kila upande mita 10 na sentimita 5. Ukitumia waya wa nyumba wenye ganda la plastiki, ganda lenyewe linaufanya waya uonekane mrefu zaidi kwa mawimbi, hivyo utaishia kuupunguza kwa asilimia mbili tatu au zaidi. Anza na mita 10 na robo kila upande. Wala usikate, ukunje uurudishe juu yake wenyewe uufunge. Waya uliokunjwa unakunjuka. Uliokatwa, basi tena.

Kuna anayeniangalia anajiuliza mita 20 za waya atazipitisha wapi Mabatini, nyumba zilivyobanana. Pinda ncha ziteremke, uinamishe, au fanya umbo la V iliyogeuzwa kutoka kwenye mti mmoja. Na usihangaike na urefu wa kwenda juu. Dipole ya megahezi 7 ikiwa chini ya mita 10 inatupa mawimbi karibu wima, yanagonga tabaka la juu la anga na kushuka ndani ya kilomita mia chache. Mtu wa Ulaya anayetafuta Japani analalamikia jambo hilo. Mimi nataka Bukoba, Musoma, Tabora na Kigoma mchana, kwa wati 10, bila mnara wa mtu yeyote kati yetu, na hiyo ndiyo antena inayonipa.

Sasa tufungue gunia.

Hiki cheupe ni ubao wa plastiki wa kukatia nyama. Ninaunyanyua juu kwa sababu ndio kiungo bora cha katikati nilichowahi kukitumia. Ni plastiki nene isiyonyonya maji, inakatika kwa msumeno wa chuma, inatoboka bila kupasuka, na ubao mmoja unatoa viungo vya antena kadhaa. Kata kipande kama kiganja chako. Juu katikati toboa tundu moja, hilo ni la kamba ya kuning'inizia. Kila upande toboa matundu matatu kwa mstari. Waya unaingia tundu la kwanza kwa mbele, unatokea la pili kwa nyuma, unarudi la tatu kwa mbele, kama sindano. Vuta. Mnaona? Sijafunga fundo wala sijaweka lehemu, na haitoki. Mzigo wote wa mita 10 za waya na upepo wa ziwa umebebwa na plastiki.

Hapo ndipo siri yenyewe ilipo. Lehemu haijaumbwa kubeba mzigo. Inapoingia kwenye waya wa nyuzi nyingi hupanda kidogo ndani ya nyuzi na kuzifanya fimbo moja ngumu, na pale ugumu unapokoma na ulaini unapoanza, ndipo upepo utakapoukata. Si leo, ni baada ya msimu mmoja wa upepo. Kwa hiyo baada ya tundu la tatu acha mkia wa waya uliolegea, urefu wa kidole, na mkia huo ndio uulehemu kwenye kebo. Ukiona kiungo cha mtu kimekaza mpaka kinalia kama gitaa, ujue utarudi kukiteremsha.

Kebo nayo ije kutoka chini, si juu. Iingie tundu moja itokee jingine, ifungwe kwa tai za plastiki mahali pawili, ndipo ifike kwenye mikia. Waya wa kiini uende upande mmoja, msuko wa nje uende upande wa pili. Na hapa tunafika kwa adui namba moja, maji. Ule msuko wa nje wa kebo hunyonya maji kama utambi wa koroboi. Tone likiingia juu linatembea ndani ya kebo mita na mita, linageuza shaba kuwa nyeusi, na mwisho unalikuta ndani ya plagi chumbani kwako. Unakwenda dukani kununua silikoni uzibe. Ngoja! Ifungue uinuse. Ikinuka siki, irudishe. Aina hiyo inatoa asidi wakati inakauka, na asidi hiyo inakula shaba ile ile uliyotaka kuilinda. Tafuta isiyo na harufu ya siki. Ukiikosa, ipo dawa ya mafundi baiskeli: mpira wa ndani wa tairi, ukate utepe mrefu, uzungushe huku umeuvuta kwa nguvu, uanzie chini kwenda juu ili kila mzunguko uulalie wa chini yake na maji yateleze nje. Kisha juu yake zungusha tepu nyeusi ya umeme, kwa sababu mpira ukipigwa jua wazi hupasuka nyufa. Mpira unazuia maji na tepu inazuia jua. Kimoja bila kingine hakimalizi mwaka.

Kuhusu plastiki zenyewe, si kila moja inafaa. Zipo zilizochanganywa vitu vinavyokula mawimbi. Mwenye maikrowevu nyumbani, au kwa shemeji asiyeuliza maswali mengi, aweke kipande cha plastiki pamoja na glasi ya maji, aiwashe dakika moja. Plastiki ikitoka baridi inafaa. Ikitoka ya moto iache. Glasi ya maji msiisahau, hiyo ni ya kuilinda maikrowevu, na shemeji.

Kwenye ncha kazi ni nyepesi: kipande cha bomba la PVC sentimita 10, tundu huku la waya, tundu kule la kamba. Ila msichezee ncha. Dipole inaporusha, mkondo wa umeme ni mkubwa katikati na volteji ni kubwa kwenye ncha, na kwa wati 100 tu ncha inaweza kuwa na volti mamia kadhaa za kuunguza kidole. Ncha zikae juu ya kimo cha mtu aliyenyoosha mkono, na mbali na kamba ya kuanikia nguo.

Kupandisha waya juu ya mwembe mnajua wenyewe, maana nyote mmewahi kuwa watoto. Manati, mshipi wa kuvulia, na chubwi mwishoni. Piga chubwi ivuke tawi, ikishuka upande wa pili fungia uzi mnene zaidi, vuta, kisha fungia kamba yenyewe. Wavuvi wa Kirumba wakiona antena yangu inavyofungwa hunicheka na kunirekebisha fundo, na kwa mambo ya kamba mimi humsikiliza mvuvi kabla ya mhandisi. Walionishauri niweke kapi juu na kidumu cha mchanga mwisho wa kamba ni wao. Mti ukiyumba, kidumu kinapanda na kushuka, waya haukatiki.

Tuje kwenye kebo, maana hapa vijana wanapoteza pesa. Vitabu vinasema nunua RG-58, kebo nyembamba ya omu 50, omu zikiwa kipimo cha jinsi kebo inavyoukabili umeme wa mawimbi. Dukani kwetu utaitafuta sana. Kilichojaa kila duka ni waya wa dishi, RG-6 ya omu 75, kwa sababu ya ving'amuzi. Watu wanaudharau kwa zile omu 75. Haya tupige hesabu. Redio ya omu 50 ikikutana na 75, SWR, yaani kipimo cha jinsi vitu viwili vinavyopatana, 1 ikiwa kupatana kabisa, ni 1.5, na nguvu inayorudi ni asilimia 4. Asilimia 4 hakuna sikio litakaloisikia. Kwa upande mwingine, kwenye megahezi 145, mita 20 za RG-58 zinameza zaidi ya nusu ya nguvu yako, wakati mita 20 za waya wa dishi ulio mzuri zinameza karibu theluthi moja. Yaani huu unaodharauliwa ndio unaofikisha zaidi. Tena katikati ya dipole iliyo juu vya kutosha kuna omu 73 hivi, ambazo ni jirani kabisa na 75.

Ubaya wake ni mmoja na ni wa kiufundi: msuko wa waya wa dishi mara nyingi ni wa aluminiamu, na aluminiamu haishiki lehemu. Mtaunguza pasi bure. Ubaneni kwa boliti na washa zisizoshika kutu, na aluminiamu isigusane uso kwa uso na shaba mahali penye maji, kwa sababu vitu hivyo viwili vikilowana pamoja kimoja humla mwenzake. Weka washa katikati, halafu funika kwa mpira kama nilivyoonyesha.

Vile vinundu kwenye nyaya za kompyuta za zamani, nani huvitupa? Msivitupe tena. Ndani mna feraiti, kauri yenye sumaku inayozuia mawimbi yasitembee juu ya kebo. Kebo ya antena ina tabia mbaya: uso wa nje wa msuko wake unaweza kugeuka kuwa waya wa tatu wa antena. Ukirusha, mawimbi yanarudi chumbani na kukuchoma midomo kwenye kipaza sauti. Ukisikiliza, kila taa ya LED ya bei rahisi, kila chaja, kila kidhibiti cha sola cha jirani kinapanda kebo hiyo na kukujazia mvumo masikioni. Mijini shida kubwa ni hii ya pili. Dawa ni kuipitisha kebo ndani ya feraiti mara kadhaa, karibu na kiungo cha katikati. Kizuizi huongezeka kwa mraba wa mizunguko: ukipitisha mara mbili hupati mara mbili, unapata kama mara nne, na ukipitisha mara tatu, tisa. Hesabu kila mara kebo inapokatiza tundu. Feraiti za ndani ya vyanzo vya umeme vya zamani nyingi zimetengenezwa kwa masafa ya chini, zinapata joto, kwa hiyo baada ya dakika chache za kurusha zima redio kwanza, kisha ishike. Ikiwa ya moto, siyo hiyo.

Koili sitazikalia sana. Mwenye uwanja mfupi anaweza kufupisha waya kwa koili kila upande. Bomba la PVC la kipenyo cha sentimita 5, mizunguko 20 iliyotandazwa ndani ya sentimita 5, inatoa kama mikrohenri 13 na nusu. Waya chukueni kwa mafundi wanaosuka mota, wanauuza kwa uzito. Koili ina upana mdogo wa masafa na inaudhi kuipima, lakini inafanya kazi.

Kupima ndiko kunakotenganisha antena na waya wa kuanikia nguo. Mkiniuliza pesa yenu ya kwanza muiweke wapi, sitasema redio. Changeni watano au kumi mnunue kipimo kidogo kama NanoVNA, kile chenye skrini ya kiganjani. Kinakuonyesha antena yako imekaa kwenye masafa gani. Ikikaa chini ya unapotaka, waya ni mrefu, kunja. Ikikaa juu, kunjua. Na hapo sasa ule msemo wa vijana, "SWR yangu ni 1.1, antena yangu ni kali," tuukague. SWR ya 2 inarudisha kama asilimia 11 tu, ya 3 inarudisha 25, kwa hiyo mtu asikose usingizi kwa 1.8. Na SWR nzuri kupita kiasi inaweza kuwa ugonjwa. Kebo iliyojaa maji inameza nguvu ikienda na inameza tena ile inayorudi, kipimo kilicho chini kinaona hakuna kilichorudi, kinakupongeza. Ndiyo sababu antena iliyooza huonekana inapendeza zaidi kila mwaka! Pima siku ya kwanza, andika namba kwenye daftari, pima tena baada ya masika. Namba ikiwa imebadilika kuwa nzuri bila wewe kugusa kitu, panda juu ukafungue ule mpira.

Aliye mfukoni mtupu kabisa aende kwa redio kaseti iliyokufa. Ile mishale iliyokuwa inacheza na muziki bado mizima. Diodi moja ya jemaniamu, waya wa nusu mita, na mshale ule, umepata kipimo cha nguvu ya mawimbi. Hakitakupa tarakimu, lakini kitakuambia kama mabadiliko uliyofanya yameongeza au yamepunguza kinachotoka hewani, ambalo SWR haiwezi kukuambia.

Jambo la radi sina utani nalo. Ziwa hili ni kati ya sehemu zenye radi nyingi duniani, na dhoruba zake nyingi hukomaa juu ya maji usiku, wakati upepo wa nchi kavu kutoka pande zote unapokutana katikati. Maana yake radi inakuja wakati umelala na kebo imechomekwa. Fimbo ya ethi haiingii kwenye jabali, mnajua. Penye jabali tandaza waya mnene wa shaba kwenye udongo wowote uliopo, mrefu, na uuunganishe na ethi ya nyumba zisiwe ethi mbili zinazogombana. Hiyo inaondoa umeme unaojikusanya na kupunguza madhara ya radi iliyopiga jirani. Radi ikikupiga wewe moja kwa moja, hakuna kifaa cha kujitengenezea kitakachoisimamisha. Kila jioni chomoa kebo, na mwisho wake ubaki nje ya dirisha, si mezani. Na nguzo za umeme: antena yako ikianguka upande wowote, ikiwa na kamba zake zote, isiweze kuufikia waya wa TANESCO. Pima kwa hatua kabla hujapanda, na kama hakutoshi, tafuta mti mwingine.

Wasio na leseni wasinune. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kinapita juu yetu kama kilomita 400, na wanaanga wanapoongea na wanafunzi huwa wanatumia megahezi 145.800. Futi ya chuma ya fundi seremala ikikatwa vipande na kubanwa kwenye bomba la PVC inakuwa Yagi ya kushika mkononi. Aina hii ya antena ilitoka Japani, kwa Uda na Yagi wa Chuo Kikuu cha Tohoku, mwaka 1926, na wala haikuhitaji vitu vya ajabu. Fimbo inayoungwa na kebo ina urefu wa karibu mita moja, ya nyuma inazidi kidogo na ya mbele inapungua kidogo. Rangi ya futi ikwangueni kabla ya kulehemu, vinginevyo haishiki.

Nimemaliza maneno, sasa ni kazi. Meza ya kushoto mtakata viungo vya katikati, ubao utawatosha. Meza ya kati mna feraiti na kebo. Meza ya kulia ni futi na mabomba. Msumeno ni mmoja, kwa hiyo msigombane, na miwani ya kinga avae yule anayetoboa, si anayetazama. Kufikia saa nane nataka dipole moja iwe juu ya jiwe lile nyuma ya karakana, namba za kipimo chake zimeandikwa daftarini na mkono wa mtu ambaye hajawahi kushika kipimo hiki. Wewe mwenye shati la bluu, njoo uanze.